Faili Linalofunguliwa Juu ya Kifusi

Kombora likishapiga jengo la makazi mjini Kharkiv, kila mtu ana lake. Zimamoto wanavuta mipira ya maji, wauguzi wanabeba majeruhi, jirani anamtafuta paka wake. Saa chache baadaye wengi wameondoka. Wanaobaki wamepiga magoti kwenye vioo na vumbi la saruji ni polisi wa upelelezi. Wanaokota vipande vya chuma na kuvitia kwenye mifuko yenye namba, wanapima upana wa shimo, wanapiga picha, wanamhoji kila mwenye nguvu ya kusema. Kabla hakujapambazuka faili la jinai limeshafunguliwa, kama ambavyo lingefunguliwa mtu angechomwa kisu baa.

Faili la nini? Aliyefyatua kombora yuko ng'ambo ya mpaka, nyuma yake kuna dola yenye silaha za nyuklia, na hakuna askari wa Kharkiv atakayekwenda kumgongea mlango. Swali ni halali. Ila kila ninapoilinganisha vita ya Ukraine na ile iliyo karibu zaidi nasi, ya Goma, mashariki mwa Kongo, narudi kwenye hoja moja. Kazi kubwa ya polisi katika mji unaoshambuliwa ni kukataa kifo cha raia kichukuliwe kama mvua iliyonyesha tu. Kifo hicho kina mhusika, kina saa na mahali, na marehemu ana jina. Tena kazi hii haianzi siku ya bomu la kwanza. Huiweza wale tu waliokuwa wakiifanya wakati wa amani.

Tuanze na Kharkiv yenyewe. Ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Ukraine, uliokuwa na watu wapatao milioni 1.4 kabla ya 24 Februari 2022, na uko kilomita 30 hadi 40 tu kutoka mpaka wa Urusi. Wasomaji wengine watakumbuka kuwa vijana wengi wa Kiafrika walikuwa wakisomea udaktari huko, na walivyohangaika kugombea treni za kuelekea magharibi wiki ile ya kwanza. Umbali huo mfupi ndio unaoamua kila kitu. Kombora lililorushwa kutoka upande wa Belgorod, ndani ya Urusi, hufika kwa muda usiozidi dakika moja, na mara nyingi king'ora hulia mlipuko ukiwa umeshatokea. Kyiv watu wana dakika za kushuka handakini. Kharkiv hawana. Ndiyo maana shule zimehamishiwa kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, na mwaka 2024 ikafunguliwa shule iliyochimbwa chini kabisa tangu msingi.

Kwa askari wa doria, hilo lina maana kwamba kazi yake yote huja baada ya pigo. Na baada ya pigo kuna hatari nyingine ambayo polisi wa miji mingi ya dunia hawajawahi kufundishwa, ile ya pigo la pili. Usiku wa 4 Aprili 2024 droni zilipiga majengo ya makazi mjini humo, waokoaji wakafika, likaja shambulio jingine pale pale na kuua waokoaji watatu. Tangu mbinu hii izoeleke, askari anayefika eneo la tukio anakabiliwa na uamuzi mgumu. Kuna mtu anaita chini ya kifusi. Kuna umati wa ndugu unasukuma utepe. Naye anajua kwamba umati huo huenda ndio shabaha inayosubiriwa. Akiwazuia wanamwona katili, akiwaachia anaweza kuhesabu maiti zaidi baada ya dakika kumi. Wanasiasa hupenda kusifu ushujaa wa kukimbilia moto. Mimi namheshimu zaidi yule anayesimama kwenye utepe na kutukanwa.

Wiki za mwanzo za vita zilionyesha pia nini hutokea polisi wanapolemewa. Serikali iligawa maelfu ya bunduki kwa raia waliojitolea kuilinda miji, hatua inayoeleweka kwa wakati ule. Maduka yalivunjwa. Picha zikaanza kusambaa za watu walioshukiwa kupora wakiwa wamefungwa kwenye nguzo za umeme kwa utepe wa plastiki, wengine wamevuliwa nguo kwenye baridi ya Machi. Wengi mitandaoni walishangilia. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua picha hiyo vizuri, maana hapa kwetu "mwizi huyo!" imeua watu wengi ambao hakuna hakimu aliyewahi kuwauliza jina. Tofauti ni kwamba kule vita ilitoa kisingizio kizuri zaidi.

Bunge la Ukraine nalo likashikwa na hasira ileile. Sheria ya Machi 2022 iliifanya adhabu ya wizi wakati wa vita kuwa kifungo cha miaka mitano hadi minane. Ilikusudiwa waporaji, lakini maneno yake yalimgusa kila mwizi, na matokeo yake polisi na mahakama walijikuta wanahangaika na watu walioiba vitu vya dukani vya thamani ndogo kana kwamba ni wahaini. Mwaka 2024 wabunge walilegeza, wizi mdogo ukarudishwa kwenye faini. Miaka miwili ni muda mrefu kwa mtu aliyeingia gerezani kwa ajili ya jibini. Somo lake kwa polisi ni baya pia. Ukimpa askari sheria isiyopima uzito, hatapima uzito.

Silaha zile zilizogawiwa, pamoja na zile zinazorudi mifukoni mwa watu kutoka mstari wa mbele, hazikuishia mashariki. Desemba 2023, katika kijiji cha Keretsky huko Zakarpattia, upande wa magharibi kabisa ambako vita husikika zaidi kwenye redio, diwani mmoja aliingia kwenye kikao cha halmashauri na kurusha maguruneti. Zaidi ya watu ishirini walijeruhiwa. Hiyo si kazi ya jeshi kuichunguza. Ni ya polisi yuleyule ambaye wenzake wamepelekwa kuondoa mabomu ya ardhini mashambani.

Lakini kiini cha jambo ni wafu, na hapo ndipo inabidi tukae kidogo.

Septemba 2022 jeshi la Ukraine liliukomboa mji wa Izium, katika mkoa huohuo wa Kharkiv. Katika msitu wa misonobari pembeni mwa mji walikuta makaburi zaidi ya mia nne, mengi yakiwa na msalaba wa mbao na namba tu. Baada ya hapo hapakupigwa muziki wala kutolewa hotuba. Walikuja polisi, waendesha mashtaka na wataalamu wa maiti wenye mavazi meupe, wakafukua kaburi moja baada ya jingine kwa siku kadhaa, kila mwili ukiandikiwa jinsia, makadirio ya umri, nguo, majeraha, kamba kama ipo mikononi. Kaburi namba 319 lilitoa mwili ambao vipimo vya vinasaba vilithibitisha baadaye kuwa ni wa Volodymyr Vakulenko, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyechukuliwa kijijini kwake wakati wa uvamizi. Alichukuliwa Machi na akazikwa kwa jina lake Desemba. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miezi ya watu wasiojulikana waliokaa maabara wakilinganisha mfupa na mate ya ndugu.

Mwaka mmoja baadaye, 5 Oktoba 2023, kombora liliangukia mgahawa katika kijiji cha Hroza, watu wakiwa kwenye chakula cha matanga ya mwanajeshi aliyezikwa upya nyumbani. Kijiji kilikuwa na wakazi wapatao 330. Walikufa 59. Siku ya kwanza ilitangazwa idadi ndogo zaidi, kisha ikapanda kadiri vipande vya miili vilivyozidi kutambuliwa. Hapa kuna ugumu ambao asiyefanya kazi hii haufikirii haraka. Kipimo cha vinasaba kinahitaji ndugu wa kulinganisha naye, na Hroza kuna familia ambazo zilifutika pamoja mezani. Wapelelezi walilazimika kutafuta ndugu wa mbali na miswaki iliyobaki bafuni. Papo hapo uchunguzi wa pili ulikuwa ukiendelea, wa nani aliyetoa habari za mkusanyiko ule, na ukawaangukia ndugu wawili wenyeji wa eneo hilo waliotuhumiwa kuhamia upande wa Urusi. Faili moja, basi, linabeba mambo mawili: majina ya waliokufa na jina la aliyewauza.

Tarehe 25 Mei 2024, Jumamosi mchana, mabomu ya kuongozwa yalipiga duka kubwa la vifaa vya ujenzi la Epicentr mjini Kharkiv, watu wakinunua rangi na miche ya bustani. Walikufa 19. Moto uliunguza kiasi kwamba wengi hawakutambulika kwa macho. Ukiona tangazo la polisi wa Kharkiv kwamba marehemu fulani ametambuliwa siku kadhaa baadaye, jua kuna familia iliyokuwa ikisubiri ruhusa ya kulia.

Mtu anaweza kusema huo ni ubinadamu, sawa, lakini upelelezi uko wapi? Jibu la zamani liko London. Wakati wa mabomu ya Wajerumani ya 1940 na 1941, karibu raia 20,000 waliuawa katika mji ule, na maiti kwenye kifusi ikawa jambo la kawaida. Mtu mmoja aitwaye Harry Dobkin alitegemea ukawaida huo. Mkewe Rachel alitoweka Aprili 1941. Julai 1942 wafanyakazi waliokuwa wakibomoa kanisa lililopigwa bomu kule Vauxhall waliinua bamba la jiwe na kukuta mifupa. Ingeweza kuzikwa kama mhanga mwingine wa vita na mambo yakaisha. Daktari wa uchunguzi, Keith Simpson, aliona kwamba mwili umekatwakatwa, umemwagiwa chokaa, na shingoni kuna dalili ya kunyongwa. Bomu halikati hivyo. Meno yalilinganishwa na kumbukumbu za daktari wake wa meno, na yakawa ya Rachel. Dobkin, ambaye alikuwa mlinzi wa moto katika jengo la jirani, alinyongwa Januari 1943.

Kisa hicho hufundishwa kwa ajili ya ujanja wa daktari. Kwangu mimi uzito wake uko kwingine. Bomu ni maficho bora ya muuaji, na maficho hayo yanafanya kazi pale tu polisi wanapozoea. Siku askari atakaposema "wa bomu huyo, mpelekeni" bila kuangalia, kila mwenye kinyongo mjini amepewa leseni.

London hiyohiyo ilionyesha hatari ya kuajiri kwa pupa. Polisi walipungukiwa watu, wakachukua askari wa akiba wa vita, na miongoni mwao akaingia John Christie, mtu aliyekuwa na rekodi ya makosa ya jinai ambayo hakuna aliyeiangalia. Mwaka 1943, akiwa na sare, alimuua mwanamke wa kwanza kati ya wengi. Sare na utambulisho vilimrahisishia. Hili wanaogawa vitambulisho vya ulinzi kwa vijana wa mtaa wakati wa vita wangelikumbuka.

Nisije nikawapamba mno polisi wa Ukraine. Hadi 2015 nchi ile ilikuwa na kile kilichoitwa militsia, urithi wa enzi ya Kisovieti, maarufu kwa rushwa na kwa kupiga watu. Polisi mpya wa taifa waliundwa mwaka huo, doria ikaajiriwa upya, na wakosoaji wa hapo hapo walisema kwamba juu sura imebadilika na chini mambo ni yaleyale. Vita ilipofika, katika sehemu zilizotekwa za mkoa wa Kharkiv wapo polisi waliobaki na kufanya kazi chini ya wavamizi. Kituo cha polisi cha Balakliia kiligeuzwa mahali pa kuwafungia na kuwatesa raia. Na tangu uandikishaji jeshini uwe mgumu, polisi wanatakiwa kusaidia kuwapata wanaume wanaokwepa. Askari aliyemtoa bibi yako kwenye kifusi Jumatatu anamsimamisha kaka yako barabarani Alhamisi. Imani haiwezi kubaki ileile, na sijaona mtu aliyepata dawa yake.

Hata hivyo mafaili yanaendelea kufunguliwa, na wapo waliodhani ni karatasi za bure ambao wamelazimika kunyamaza kidogo. Machi 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kukamatwa kwa makamanda wawili wa Urusi, Sergei Kobylash na Viktor Sokolov, kwa mashambulizi dhidi ya mitambo ya umeme. Juni mwaka huohuo zikafuata za Sergei Shoigu, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Urusi, na Valery Gerasimov, mkuu wa majeshi yake. Huenda hakuna hata mmoja atakayeona kizimba. Lakini hati ya namna ile haiandikwi kwa hasira. Inahitaji mtu aliyethibitisha lini, wapi, silaha gani, na nani aliumia.

Sasa tuje Goma.

Tangu Mei 2021 mikoa ya Kivu Kaskazini, ulimo mji wa Goma, na Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule wenyeji wanaouita kwa Kifaransa état de siège. Gavana akawa jenerali, naibu wake afisa wa polisi, meya wa Goma naye afisa wa polisi, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Kwa nje ilionekana polisi wamepandishwa cheo. Kwa ndani walimezwa. Mpelelezi aliyekuwa akimpelekea mwendesha mashtaka wa kiraia faili la mauaji sasa alikuwa sehemu ya mnyororo wa amri ambao shughuli yake ya kwanza ni mapigano. Tarehe 30 Agosti 2023 umati ulipokusanyika mjini kupinga majeshi ya Umoja wa Mataifa, waliotumwa kuuzuia walikuwa askari wa kikosi cha ulinzi wa rais, na makumi ya watu waliuawa. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kanali mmoja kifo. Hata pale haki ilipotendeka, polisi hawakuwa na nafasi ndani yake.

Mwaka 2024 mauaji ya usiku yalizidi mjini, bunduki zikiwa mikononi mwa wanajeshi, Wazalendo (wapiganaji wa kujitolea wanaolisaidia jeshi) na majambazi, na mara nyingine ilikuwa vigumu kuwatofautisha. Ofisi ya meya ikaanzisha operesheni iliyoitwa "Safisha Muji wa Goma": misako, washukiwa kupangwa mstari mbele ya kamera, silaha kutandazwa chini. Wakazi wengi waliifurahia, na siwalaumu. Aliyelala akisikia risasi kila usiku hana subira ya taratibu. Lakini msako hauachi ushahidi. Na tarehe 3 Mei mwaka huo, mabomu yalipoangukia kambi za wakimbizi wa ndani upande wa Mugunga na kuua zaidi ya watu kumi, wengi wao wanawake na watoto, mjadala uliofuata ulikuwa wa wasemaji. Marekani iliwalaumu waasi wa M23 na jeshi la Rwanda, Rwanda ikakana. Sauti ya mpelelezi aliyepima shimo hatukuisikia.

Usiku wa kuamkia 27 Januari 2025 M23 waliingia mjini. Mstari wa mbele ulipovunjika, polisi walivunjika nao, kwa sababu walikuwa wameshafanywa mkia wa jeshi. Wengine waliweka silaha chini, wengine wakakimbilia kambi za MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, na baada ya Bukavu kuanguka Februari, mamia walionekana wamepangwa kusubiri mafunzo ya watawala wapya. Siku hiyo ya 27 wafungwa walivunja gereza la Munzenze. Umoja wa Mataifa ulisema wanawake zaidi ya 160 waliokuwa humo walibakwa na wafungwa wanaume, na wengi wao wakafa kwenye moto uliofuata. Narudia kwa wale wanaosoma haraka: tukio la jinai lenye waathirika zaidi ya 160, katikati ya mji wenye watu zaidi ya milioni moja.

Mwanzoni mwa Februari MONUSCO ilisema miili 2,000 ilikuwa imeokotwa mitaani na mingine 900 ilikuwa mochwari. Baadaye mwezi huo Waziri Mkuu wa Kongo, Judith Suminwa, aliliambia Baraza la Haki za Binadamu kule Geneva kwamba vita vya mashariki vilikuwa vimeua watu wapatao 7,000 tangu Januari, na kwamba zaidi ya miili 2,500 ilizikwa bila kutambuliwa. M23 walibisha takwimu hizo. Na watabisha daima, sawa na ambavyo Kinshasa itazitumia daima, kwa kuwa maiti isiyo na jina ni ya yeyote anayetaka kuihesabu.

Najua ulinganisho huu una dosari. Kharkiv haikutekwa, Goma ilitekwa. Ukraine ina maabara na fedha za wafadhili, wakati Goma umeme ulikatika mochwari zikiwa zimefurika, na waliobeba mzigo wa kuzika walikuwa wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu ambao hakuna wa kuwadai zaidi. Lakini Izium nayo ilitekwa, kwa miezi mitano. Aliyewazika watu msituni aliweka namba kwenye kila kaburi, wapelelezi waliporudi walikuwa na pa kuanzia, na namba 319 ikawa mtu. Sehemu ya kazi ile ya kikatili ilifanywa na mbao na kalamu.

Oktoba 2024, kabla Goma haijaanguka, Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai alitangaza kuwa anaupa uchunguzi wa Kivu Kaskazini msukumo mpya. Wachunguzi hao watahitaji mambo yaleyale: lini, wapi, silaha gani, nani. Mengi yameshapotea. Si yote. Orodha za waliozika zinaweza kunakiliwa na kuhifadhiwa nje ya mji. Sampuli za ndugu wa waliopotea zinaweza kuchukuliwa mahali popote walipo, na maelfu yao wako ng'ambo ya mipaka, Burundi na Uganda, katika kambi ambako mtu anaweza kueleza aliyoyaona bila kutazama mlango. Maelezo ya shahidi hayahitaji mji ukombolewe kwanza. Yanahitaji mpelelezi anayeelewa Kiswahili cha Goma, fomu, na mahali salama pa kutunza karatasi.

Wapelelezi wa namna hiyo wapo katika kila jeshi la polisi la Afrika Mashariki. Jumuiya ambayo Kongo ni mwanachama wake ilipeleka wanajeshi Kivu mwishoni mwa 2022 na kuwaondoa mwaka mmoja baadaye. Kupeleka makarani wenye muhuri kwenye kambi za wakimbizi kungegharimu sehemu ndogo sana ya fedha zile, na hadi sasa sijasikia mkuu wa nchi hata mmoja akilitaja.